Madaftari ya Babu na Fedha za Jezi

*Bibi wa Mchangani hujibu barua za wasomaji kuhusu mpira wa mitaani. Kwa miaka 19 alikuwa mtunza hazina wa klabu moja ya Ngamiani, Tanga.*

Shikamoo Bibi. Kaka yangu anaishi Uingereza, na kila Jumamosi huenda kuangalia timu ya mji wao mdogo. Anasema timu hiyo "iko nje ya ligi", lakini picha anazonitumia zina uwanja wenye jukwaa, na timu ina ratiba na msimamo wa pointi kama kawaida. Sasa iko nje ya ligi ipi?
*Kijana wa Chumbageni*

Marahaba mwanangu. Ligi inayotajwa hapo ni ile waiitayo Football League, iliyoanza mwaka 1888 kwa klabu 12. Leo madaraja manne ya juu kule yana klabu 92: 20 za Ligi Kuu na 72 za madaraja matatu yanayofuata. Klabu yoyote iliyo chini ya hizo 92, hata iwe na umri wa miaka 100 na jukwaa la matofali, wenyewe huiita ya nje ya ligi. Ligi wanazo, tena ngazi juu ya ngazi, kama sisi tulivyo na wilaya, mkoa, mabingwa wa mikoa, na kuendelea mpaka Ligi Kuu. Wachezaji wengi wa ngazi za chini ni fundi, mwalimu, dereva, watu wanaotoka kazini ndipo waende mazoezini.

Zamani kupanda kutoka huko kulikuwa kwa kura za klabu zilizo ndani, na aliye ndani si mwepesi kumpisha mgeni. Ni mwaka 1987 tu ndipo bingwa wa chini alipoanza kupanda kwa haki yake, na wa kwanza walikuwa Scarborough. Usiwadharau watu hawa. Mwaka 1972 Hereford, wakiwa bado nje ya ligi, waliwatoa Newcastle kwenye Kombe la FA kwa 2-1.

Na klabu kongwe kuliko zote duniani, Sheffield FC ya mwaka 1857, mpaka leo inacheza huko huko chini. Mwaka 2011 waliuza nyaraka zao za kale kwenye mnada mjini London, zikiwemo sheria za mchezo zilizoandikwa kwa mkono. Zilikwenda kwa pauni 881,250. Nilipolisikia hilo sikuiwaza fedha. Nilimwaza katibu wa kwanza, na wa pili, na wote waliofuata, kila mmoja akihama nyumba, akioa, akizika wake, na bunda lile la makaratasi hakulitupa.

Nimeianza safu na barua yako kwa sababu ya hii inayofuata, ambayo imenikosesha usingizi siku mbili.

Bibi, shikamoo. Naandika kutoka Muheza. Babu yangu alikuwa katibu wa timu ya mchangani iliyoanzia kwenye kambi ya shamba la mkonge alikokuwa akifanya kazi. Timu ipo mpaka leo, inacheza ligi ya wilaya. Babu amefariki, na kwenye sanduku lake tumekuta madaftari manne, muhuri na picha tano. Nataka kuandika historia ya timu, ila nimekwama mara tatu. Wazee wanabishana mwaka: mmoja anasema timu ilikuwapo kabla ya Uhuru, mwingine anasema 1970 kwa kuwa ndio mwaka ulio kwenye cheti cha usajili. Halafu wote wanasema walikwenda kucheza Mombasa mwaka 1979, na kwenye daftari sioni safari hiyo. La tatu ndilo zito. Daftari la tatu lina kikao ambacho babu alituhumiwa kula fedha za jezi, timu ikagawanyika. Baba anataka kurasa hizo zichanwe kabla mtu mwingine hajaziona. Nifanyeje?
*Mjukuu, Muheza*

Marahaba mjukuu wangu, na pole kwa msiba. Usichane kitu. Leo hii, kabla hujaendelea kusoma, piga picha kila ukurasa kwa simu yako, na jalada, na kurasa tupu pia, kisha zitume kwa watu wawili unaowaamini. Hewa yetu ya pwani haina huruma na karatasi, na mchwa wa Muheza nawajua. Usibandike selotepu palipochanika, wala usianike daftari juani. Lifungie kwenye kitambaa safi, liweke juu, mbali na ukuta.

Sasa huo mwaka. Cheti cha usajili si cheti cha kuzaliwa. Wangapi kijijini kwenu wamepata cheti cha kuzaliwa siku ya kuandikishwa shule? Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ni ya mwaka 1967, na baada yake klabu nyingi zilizokuwa zikicheza miaka na miaka ndipo zikatafuta karatasi. Kwa hiyo huyo wa 1970 na huyo wa kabla ya Uhuru wanaweza wote kuwa wakweli: mmoja anakumbuka muhuri, mwingine anakumbuka mpira. Tazama maneno yenyewe kwenye madaftari. Palipoandikwa Tanganyika, uko karibu na 1964 au nyuma yake, ingawa muhuri wa zamani watu waliendelea kuutumia, kwa hiyo usiushike huo peke yake. Ukikuta refa katoa kadi nyekundu, umeshavuka 1970, maana kadi zilionekana kwa mara ya kwanza kwenye Kombe la Dunia la Mexico mwaka huo. Barua yenye jina FAT, chama cha mpira cha nchi cha wakati ule, ni ya kabla ya TFF ya leo kuja mwaka 2004.

Na unapokaa na mzee, usimuulize mwaka. Mwaka unamtia hofu, atakupa wowote ili umwache apumzike. Muulize: ulipoanza kuchezea timu ulikuwa umeoa? Mtoto gani alikuwa mgongoni kwa mama yake? Mishahara ya shamba ilikuwa inalipwa na nani? Mimi mzee mmoja wa Makorora alinibishia wiki nzima kuhusu mchezo fulani, mpaka mkewe aliposema kutoka jikoni, "Siku ile ndiyo niliyojifungua Halima." Kadi ya kliniki ya Halima ilimaliza ubishi.

Maadamu timu yenu ni ya kambini, shamba lenyewe lisikose kwenye historia. Watu hawa hawakuzaliwa Muheza. Tangu 1944 ilikuwapo ofisi ya kuajiri, SILABU, iliyoleta vibarua kutoka mbali, Songea, Njombe, Kigoma na hata nje ya mipaka, ndio hao walioitwa manamba. Mtu anakaa kambi moja na wenziwe asiojua lugha zao, kazi ni kukata majani yenye miiba, Jumapili inaletwa gozi. Majina yaliyo kwenye orodha ya babu yako yasome kwa sauti, utasikia nchi nzima. Kisha tazama yanavyopungua. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa takriban tani 230,000 za mkonge, na baada ya hapo bei ikaanguka kwa sababu ya kamba za nailoni na mfano wake, mashamba yakapunguza watu. Wazee watakuambia timu ilishuka kwa sababu ya uchawi au kocha mbovu. Wasikilize, andika walivyosema, lakini hesabu na wewe wachezaji wangapi walipoteza kazi.

Kuhusu Mombasa, hapo wazee wako wamechanganya, na si kwa ubaya. Mpaka wetu na Kenya ulifungwa Februari 1977 Jumuiya ilipovunjika, haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Lori zima la wachezaji na mashabiki halikupita Horohoro mwaka 1979, na isitoshe mwaka huo nchi ilikuwa vitani na Idi Amin. Safari ilikuwapo, naamini, maana timu za Tanga na Mombasa zilikuwa zikitembeleana kama majirani. Itafute kwenye daftari la kabla ya 1977. Ukishindwa, nenda maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wana magazeti ya zamani, Ngurumo na Uhuru, na wakati mwingine mchezo wa kirafiki ulipata mistari mitatu chini ya ukurasa. Mistari mitatu inakutosha.

Tumefika kwenye fedha za jezi. Hili nitalijibu kwa jambo ambalo sijawahi kuliandika.

Mwaka 1982 sisi pale Ngamiani tulichanga fedha za jezi. Mnaosoma leo mnaona jezi zimetundikwa sokoni, lakini wakati ule hata kitambaa cha shuka kilikuwa cha foleni, na tulichanga miezi saba. Zilifika shilingi 1,400, nikaziweka ndani ya kopo la maziwa chini ya kitanda changu. Usiku mmoja mwenyekiti akagonga mlango. Mke wa winga wetu amefariki hospitali, na mtoto. Winga hana sanda, hana gari la kuwapeleka Pangani kwao. Mwenyekiti akaniambia, "Nipe kopo." Nikampa. Asubuhi winga akamshika mkono mbele yangu, akamwomba watu wasijue kwamba mkewe amezikwa kwa fedha za jezi. Mwenyekiti akamwahidi, na mimi akaniapisha.

Kwenye kikao wakauliza fedha ziko wapi. Akasema, "Nimezitumia, nitazilipa." Akakaa kimya. Watu 11 walitoka chumbani usiku ule wakaanzisha timu yao mtaa wa pili, na kwa miaka miwili hatukwenda harusini kwao wala wao kwetu. Alizilipa, kidogo kidogo kutoka kwenye mshahara wake wa bandarini, mpaka senti ya mwisho, lakini jina lilishabaki. Na mimi nilikaa kwenye kile kikao na kalamu mkononi nikanyamaza, kwa sababu ya kiapo.

Niliandika, lakini. Nyuma ya daftari langu la hesabu niliandika: sanda na gari, sh. 1,400, kwa idhini ya mwenyekiti, na tarehe. Nilipoachia nafasi, daftari likaenda kwa aliyenifuatia. Alipofariki, watu wa nyumba ile waliuza makaratasi yote kwa muuza karanga. Nililifuatilia mpaka kwenye meza yake karibu na uwanja wa Mkwakwani, nikakuta majalada mawili matupu. Kurasa zilikwishakuwa pakiti za karanga.

Mwenyekiti amefariki, na winga amefariki. Hakuna ninayemwumiza kwa kuivunja ahadi ile. Ila mpaka leo mtaani ukimtaja yule mzee kwa wenye umri wangu, mtu atakuambia, "Yule aliyekula fedha za jezi." Hakula. Nasema hapa, kwa jina la kazi niliyokuwa nikiifanya: hakula hata senti moja.

Kwa hiyo mjukuu wangu, lichukue daftari la tatu uligeuze. Makatibu na watunza hazina wa zamani walikuwa na tabia ya kuandika vikao kutoka mbele na hesabu kutoka nyuma, daftari likiwa juu chini, ili kuokoa karatasi. Baba yako ameusoma ugomvi. Je, amegeuza daftari? Tafuta tarehe za wiki mbili kabla ya kikao. Tafuta nauli, dawa, faini, sanda. Linganisha mwandiko wa mbele na wa nyuma kama ni wa mtu mmoja. Halafu nenda kwa wale waliotoka, au watoto wao, ukawasikilize bila kumtetea babu, maana timu yao nayo ni mtoto wa timu yenu na lazima ipate sura yake kwenye kitabu.

Ukikuta kwamba alikula kweli, andika hivyo, na andika mwaka ule unga ulikuwa shilingi ngapi na yeye alikuwa na watoto wangapi. Baba yako ataumia. Mwambie nimesema mimi kwamba ukurasa uliochanwa hauondoi neno midomoni mwa watu, unaondoa majibu tu. Sisi wa Tanga tunalijua hilo hata kwa timu kubwa. Coastal Union kuchukua ubingwa wa nchi mwaka 1988 tunakusimulia hadi hali ya hewa ya siku ile, lakini mwaka 2016, Coastal, African Sports na Mgambo JKT waliposhuka daraja zote tatu kwa msimu mmoja, jaribu kumpata mtu akueleze kwa utulivu ilikuwaje. Ninyi wa ligi ya wilaya mna nafasi ya kufanya vizuri zaidi yetu.

Umeandika kuna picha tano. Kwenye nakala ulizonitumia nimeiona ya tano: wachezaji wamesimama, na pembeni kabisa, nusu yake imekatwa na ukingo wa picha, yupo mwanamke mwenye ndoo. Jezi za wengine kwenye picha ile ni nyeupe kabisa, na hiyo haikuwa kazi ndogo kwenye udongo mwekundu wa Muheza, kwa sabuni ya mche na bluu. Anza kazi yako kesho kwa kumtafutia jina. Usiwaulize wanaume, nenda kwa bibi zako wa kambini, uwape picha waishike wenyewe. Nyuma yake andika jina lake kwa penseli, wino unapenya.