Karlovy Vary: Mji wa Chemchemi kwa Anayetaka Kupumzika Kweli

Wengi wetu tukishapata viza ya Schengen, ile moja inayofungua nchi nyingi za Ulaya, hutaka kuimaliza Ulaya yote kwa mkupuo: Paris, Roma, Amsterdam, kisha mtu hurudi nyumbani akiwa hoi kuliko alivyoondoka. Kwa anayetafuta mapumziko hasa, ushauri wangu ni kuchagua mji mmoja mdogo wa chemchemi na kutulia humo, na ninaoupendekeza bila kusita ni Karlovy Vary, magharibi mwa Jamhuri ya Cheki. Mwaka 2021 UNESCO iliutia katika orodha ya Urithi wa Dunia pamoja na miji mingine kumi ya chemchemi za tiba, ikiwemo Bath ya Uingereza na Baden-Baden ya Ujerumani. Kutoka Praha panda basi, kwani hufika kwa saa mbili na ushee, ilhali treni huzunguka sana.

Jambo la kufahamu mapema ni kwamba maji ya huko ni ya kunywa kwanza, kuoga baadaye. Chemchemi kuu, iitwayo Vřídlo, hutoka ardhini ikiwa na joto la nyuzi 72 hivi, na huweza kuruka hadi mita 12. Nyingine zina joto la chini zaidi, na kadhaa kati yake zimo katika Mlýnská kolonáda, ukumbi wa nguzo 124 uliokamilika mwaka 1881. Maji hayo hayalipiwi. Utakachonunua ni kikombe chembamba cha kauri ambacho mpini wake ndio mrija: maji hupita humo yakipoa kidogo, nawe unafyonza taratibu huku ukitembea kandokando ya mto Teplá, kama wafanyavyo wazee wa mji. Ladha yake, niseme kweli, ni ya maji vuguvugu yaliyolazwa na chumvi na msumari. Ndiyo maana vibanda vya jirani huuza oplatky, kaki nyembamba za duara zenye sukari na njugu, ambazo huondoa ladha hiyo mdomoni.

Siku ya kwanza usizidishe, maana maji haya huendesha tumbo. Tiba kamili huandikwa na daktari wa chemchemi, anayeamua chemchemi ipi na kiasi gani, na kwa desturi huchukua wiki kadhaa. Kwa hiyo mgeni wa siku chache asidanganyike kwamba atapona maradhi sugu. Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa figo au ujauzito amuulize daktari wake kabla hajaonja.

Kuhusu sauna, yaani vyumba vya joto kali vya kutokwa jasho, wasomaji wa pwani nawatahadharisha hasa: katika sauna nyingi za Cheki nguo za kuogelea haziruhusiwi, na mara nyingi wanaume na wanawake huketi pamoja wakiwa wamejifunga shuka tu, au bila hata hiyo. Asiyeridhia aulize hotelini kama kuna saa za wanawake peke yao, au akodi chumba cha faragha chenye beseni la maji ya madini, ambacho kwangu mimi ndicho bora.

Mwezi wa Mei na Septemba ndiyo majira mazuri. Mwanzoni mwa Julai hufanyika tamasha kubwa la filamu, na vyumba huwa adimu na ghali. Ukichoka kukaa, treni itakupeleka Mariánské Lázně, ambako chemchemi ni baridi na bustani ni pana zaidi.

Viza huombwa katika ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, hivyo anayekaa mji mmoja hana la kubahatisha. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na bima ya safari ni lazima ifidie matibabu ya angalau euro 30,000. Hata hivyo, fedha ya huko si euro bali ni koruna, nayo ni afadhali kuitoa kwenye mashine ya benki kuliko kubadilisha katika vibanda vya watalii.