Daftari moja, marejeo mengi: ninavyopanga vyanzo vya ukoo

Msomaji mmoja ameniandikia akiwa amechoka. Orodha ya vyanzo katika programu yake ya ukoo imekuwa ndefu kupindukia, na daftari lilelile la ubatizo limejirudia kwa kila mtoto aliyemwingiza. Anauliza kama afute yote aanze upya. Usifute, ndugu yangu. Unganisha.

Daftari ndilo chanzo. Ukurasa na mstari ndio rejeo. Daftari uliandike mara moja tu, kisha marejeo yakae chini yake, hata yakiwa mia. Rejeo langu moja linasomeka hivi: "uk. 47, na. 312, mtoto wa kiume, baba ametajwa, jina la mama halisomeki. Picha nimepiga mwenyewe." Wapo wanaofungua chanzo kipya kwa kila cheti na kila ukurasa, na hoja yao wanayo: faili likihamishwa, hakuna kinachopotea. Mimi siwafuati. Katika Gramps, programu ya bure ya ukoo, tangu toleo la 3.4, rejeo linajitegemea: unaliandika mara moja, unalitumia kwenye kuzaliwa, kwenye jina, kwenye uhusiano wa mtoto na baba. Ukirekebisha namba ya ukurasa, imerekebishika kote.

Na rejeo ulifunge kwenye tukio, usilifunge kwa mtu mzima-mzima. Hapa nina kidonda.

Binamu yangu alichukua mti wangu wote wa ukoo, akauweka mtandaoni kwa jina lake bila rejeo hata moja. Halafu kwenye mkutano wa ukoo akasimama kunisahihisha: babu alizaliwa 1921, mbona imeandikwa kwenye ratiba ya mazishi? Watu wakampigia makofi. Nikafungua kompyuta, nikabofya mwaka wa kuzaliwa, na marejeo matatu yakajipanga: ratiba ya mazishi, 1921; kitambulisho, 1922; daftari la ubatizo, 1924, likimtaja kuwa mtoto mchanga. Ratiba iliandikwa na wajukuu ambao siku babu anazaliwa hata wazazi wao hawakuwapo duniani. Daftari liliandikwa na mtu aliyekuwa anamtazama huyo mtoto. Mjomba aliyekuwa upande wa binamu akaomba picha ya ukurasa, akaikuza, akaisoma kwa sauti mara mbili. Binamu hanisalimii vizuri mpaka leo, na mti wake bado unasema 1921.

Kama marejeo yale yangekuwa yamefungwa kwa babu kwa jumla, ningekuwa na karatasi tatu na nisijue ipi ilisema nini. Tena zote tatu ninazo bado. Rejeo lililoshindwa halifutwi, kwa sababu kesho atakuja mwingine na ratiba ileile mkononi.

Programu nyingi zitakuuliza pia uzito wa ushahidi. Kiwango cha GEDCOM, yaani muundo wa faili wa kuhamishia miti kutoka programu moja hadi nyingine, kina ngazi 0 hadi 3: 0 ni kisichoaminika au makadirio, 3 ni ushahidi wa moja kwa moja. Mahojiano, sensa na nasaba za mdomo vimetajwa kama mfano wa ngazi ya 1. Bibi yangu aliyetaja vizazi bila kukwama anapewa 1! Iliniuma, lakini nimeiacha 1, nikaandika kwenye maelezo ya rejeo: nani alisema, lini, mbele ya nani, na yeye mwenyewe alijuaje. Aliyeshuhudia harusi na aliyesimuliwa harusi si mashahidi sawa. Andikeni hayo, jamani. Mnawarekodi wazee, kisha mnaandika "bibi" kana kwamba ulimwengu una bibi mmoja.

Na mnaonakili miti ya watu: mti wa mtu mwingine unakuonyesha pa kutafuta tu. Ukishindwa kuuacha, basi rejeo liseme wazi kwamba ulichosoma ni mti wa fulani, na tarehe uliyousoma. Usiandike daftari ambalo hujawahi kuliona. Huo ni uongo, hata kama mwaka utakuja kuwa sahihi.

Jambo la mwisho ni kuhama. Personal Ancestral File, programu ya ukoo ya zamani, ilikuwa na watumiaji wengi, na mwaka 2013 ikasitishwa. Programu unayoipenda leo nayo ina siku yake. Violezo vya kupendeza vya marejeo, yaani fomu za kujaza zilizoandaliwa tayari, mara nyingi ni mali ya programu moja. Ukitoa faili la GEDCOM, vipande vyake huishia kwenye maelezo au hupotea kabisa. Kwa hiyo ukurasa na namba ya mstari viweke kwenye sehemu ya kawaida ya ukurasa. Kisha toa faili, lifungue katika programu nyingine ya bure, mtafute mtu mmoja unayemfahamu vizuri, ubofye mwaka wake wa kuzaliwa. Ukikuta jina la daftari lipo na ukurasa haupo, rudi urekebishe sasa hivi, kabla hujaongeza jina jingine.