Mwenzako wa chumbani na siri yake

Ujumbe ulitokea kwenye simu ya mwenzangu wa chumbani, nikatambua kwamba ana uhusiano na mwanamume mwenzake. Je, niwaambie wenzetu wa bwenini?

Hapana. Uliuona ujumbe ule kwa sababu mnatumia meza moja, si kwa sababu alitaka uusome. Mwenye kuamua nani ajue na lini ni yeye, kwa kuwa ndiye atakayebeba yatakayofuata: huenda akatengwa, akakatiwa karo na wazazi, akapigwa, na katika nchi ambako sheria inaadhibu mapenzi ya jinsia moja, akajikuta mahabusu.

Niliwasha kamera ya kompyuta yangu nikiwa nje ili nimwone akiwa na mgeni wake. Chumba ni changu pia. Kosa liko wapi?

Kosa ni kubwa, na chumba kuwa chako hakulipunguzi. Septemba 2010, katika Chuo Kikuu cha Rutgers nchini Marekani, mwanafunzi Dharun Ravi alifanya vivyo hivyo: akiwa chumba kingine alimchungulia mwenzake, Tyler Clementi, aliyekuwa na mgeni wa kiume, kisha akaitangaza habari hiyo kwenye Twitter. Clementi aliyasoma yaliyoandikwa, akaomba abadilishiwe chumba, na siku tatu baada ya kuchunguliwa akajiua, akiwa na umri wa miaka 18. Ravi alitiwa hatiani mwaka 2012. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa ilitengua hukumu hiyo, naye akakiri kosa moja la kujaribu kuingilia faragha. Mtu hajiui kwa sababu moja tu, wala hakuna anayejua yote yaliyokuwa moyoni mwa kijana yule. Hata hivyo, nakusihi uizime kamera hiyo leo, usimwoneshe mtu yeyote ulichokiona, na umweleze mwenzako ukweli kabla hajausikia kwa wengine.

Je, huu si ugonjwa unaoweza kuniambukiza?

Si ugonjwa wala hauambukizi. Shirika la Afya Duniani liliuondoa katika orodha yake ya magonjwa tangu mwaka 1990.

Dini yangu hainiruhusu kuyakubali mapenzi hayo. Nifanyeje?

Imani yako ni yako, na hakuna anayekutaka uiache. Zungumzeni mambo ya chumba: wageni waje saa ngapi, nani alale humo, taa izimwe lini, na masharti mtakayokubaliana yakubane wewe na rafiki zako kama yanavyombana yeye. Ukishindwa, omba kuhama kimyakimya, bila kumtaja kwa mlezi wa bweni kama mtu mwenye kasoro.

Mimi ndiye niliyetangazwa, na sasa siwezi kulala.

Pole sana. Hifadhi picha za jumbe zote pamoja na tarehe zake, umpelekee mshauri wa wanafunzi au mlezi wa bweni unayemwamini, na uombe chumba kingine. Usiku huu usikae peke yako. Na ikiwa wazo la kufa limekupitia, mwambie mtu leo hii, kwa maneno ya wazi, kisha mwende pamoja hospitalini.