Pikipiki ya mbio ya zamani mnadani: majibu kwa maswali yenu

Barua nyingi za safari hii zinahusu kununua pikipiki ya mbio ya zamani mnadani, ikiwa imechakaa, kwa nia ya kuifufua. Nimeanza na ile iliyonigusa zaidi.

Shikamoo fundi. Kwenye orodha ya mnada nimeona Norton Manx ya 500cc, lakini injini na fremu ni za miaka tofauti. Ni ya bandia?

Marahaba. Si lazima iwe ya bandia. Injini ya mbio ikipasuka wakati wa mazoezi, ilitolewa, ikatiwa nyingine, pikipiki ikarudi uwanjani. Namba za injini na za fremu hazikumshughulisha mtu. Manx, pikipiki ya mbio ya kiwanda cha Norton cha Uingereza, ina kisa chake zaidi. Miaka ya 1950 madereva wa vigari vya mbio vya 500cc waliitamani sana injini hii, na kwa kuwa kiwanda hakikupenda kuiuza peke yake, walinunua pikipiki nzima, wakang'oa injini na kuiacha fremu. Fremu hizo, ziitwazo Featherbed, alizozibuni Rex McCandless, nyingi zikatiwa injini za kiwanda cha Triumph, na ndiko zilikotoka pikipiki za mchanganyiko ziitwazo Triton. Kwa hiyo unaweza kukuta injini halali kwenye fremu halali, ila hazikutoka kiwandani pamoja. Hilo hushusha bei. Halimfanyi muuzaji kuwa tapeli, mradi amelisema wazi.

Ninachokiogopa ni namba zilizogongwa upya. Chukua tochi, ilaze ubavuni mwa chuma, mwanga upite juu juu. Ukiona mikwaruzo ya tupa, au uso laini kuliko chuma kinachouzunguka, au tarakimu zilizogongwa kwa kina tofauti, simama hapo na uulize. Jua pia kwamba Manx za kiwanda zilikoma mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilhali karakana za leo zinaunda Manx mpya kabisa, kuanzia kasha la krenki hadi fremu. Ni kazi safi na zinakimbia vizuri. Bei yake tu isiwe ya ile ya kale. Klabu za wamiliki nchini Uingereza zina watunza kumbukumbu wanaolinganisha namba na madaftari ya viwanda. Waandikie kabla ya siku ya mnada. Picha za zamani, karatasi za ukaguzi wa mashindano na barua za mmiliki wa kwanza zina thamani kuliko tangi lililong'arishwa.

Injini imegoma kuzunguka. Niachane nayo?

Usikate tamaa mapema, ndugu yangu. Nyingi za injini hizi zilitumia mafuta ya mbarika, ambayo yakikaa miaka hugeuka gundi nzito. Huenda pistoni imenata tu. Ila mnadani huruhusiwi kufungua injini, kwa hiyo piga hesabu kana kwamba beringi, pistoni na vali zote zinahitaji kubadilishwa. Ukishaifikisha nyumbani, usiilazimishe kuzunguka. Toa plagi, mimina mafuta ya kulainisha kutu, subiri siku kadhaa, kisha ipashe joto taratibu. Na hata ikizunguka, usiiwashe kabla ya kuifungua: gundi hiyo huziba njia za mafuta.

Kasha la injini ya AJS 7R lina unga mweupe. Ni uchafu wa kusuguliwa?

Hapana, na nakuomba usilisugue kwanza. 7R, pikipiki ya mbio ya Uingereza iliyotoka mwaka 1948, ina makasha ya aloi ya magnesi, chuma chepesi ambacho unyevu hukila kuliko alumini. Ile rangi yake ya dhahabu ilipakwa kukilinda. Unga mweupe ni chuma chenyewe kinachoisha. Ukiwa wa juu juu tu, hutibika. Ukipenya hadi kwenye vikalio vya beringi au kwenye masikio ya bolti, kasha huwa limekwisha. Gusa sehemu za chini, ambako maji hutuama, na uangalie nyufa kuzunguka bolti za kufungia injini. Kwangu mimi kasha ndilo linaloamua bei kuliko kitu kingine chochote kwenye pikipiki hii.

Jambo la usalama: vumbi na chembe za magnesi hushika moto mkali, na maji huuchochea. Weka mchanga mkavu karibu kabla hujagusa tupa.

Niweke kikomo gani cha bei?

Anza mwisho, yaani na jumla ya fedha ulizo tayari kutumia, urudi nyuma. Bei ya nyundo, yaani ile ya mwisho inayotangazwa mnadani, siyo utakayolipa. Nyumba ya mnada huongeza ada ya mnunuzi: ukishinda kwa 10,000 na ada ikiwa 15%, unadaiwa 11,500, kabla ya kodi, usafiri, ushuru wa forodha na gharama ya kuihifadhi ukichelewa kuichukua. Toa hayo yote, toa na gharama ya matengenezo, kinachobaki kiandike kwenye karatasi. Bei ikikipita, shusha mkono.

Yamaha TZ350 ni nafuu kufufua kuliko hizo za Uingereza?

Kuinunua, mara nyingi ndiyo. Lakini ni injini ya tu-stroku (ya mipigo miwili) iliyotengenezwa kwa kufunguliwa kila mara, na krenki yake imeshindiliwa vipande kwa vipande. Sili zilizokauka na krenki iliyopinda zinahitaji fundi mwenye vifaa maalumu. Mtafute huyo kwanza, pikipiki baadaye.

Niipake rangi upya yote?

Piga picha kila kona kabla ya kufungua nati ya kwanza. Kama namba ya mashindano ya enzi zile bado ipo, iache. Hakuna mchoraji wa leo anayeweza kuirudisha. Fremu isafishe kwa dawa ya kutoa rangi badala ya kuipiga mchanga, kwa sababu mchanga hufuta namba na kufunika nyufa. Ekseli na bolti za chuma kigumu usizipeleke kutiwa kromu ovyo: haidrojeni huingia kwenye chuma wakati wa kazi hiyo na kukifanya kivunjike ghafla, hivyo mwambie fundi azipashe joto kwenye tanuri mara tu baada ya kuzitia kromu.