Shangazi, mbona nikikasirika nalia?

Salam aleikum Shangazi. Mie ni msichana wa miaka 24, naishi Likoni, nauza kwenye duka la vitambaa huko mjini. Shida yangu ni machozi, yaani mtu akinikasirisha tu, kabla hata sijafungua mdomo, macho yashajaa. Juzi bosi alinisingizia mbele ya wateja ati pesa za siku zimepungua, na risiti zote ninazo mkononi, lakini badala ya kumwonyesha nikakabwa na donge nikaanza kulia kwi kwi. Wenzangu wakasema ningekuwa na haki singelia. Na mie sikuwa na huzuni hata kidogo, nilikuwa na hasira! Sasa nalia nini? Nifanyeje?
– Machozi Karibu, Likoni

Waaleikum salam mwanangu. Kwanza hao wenzako wamekosea, tena wamekukosea wewe, maanake machozi hayajui nani ana haki na nani hana.

Hebu nikueleze yanavyotoka. Juu ya kila jicho, upande wa nje chini ya nyusi, kuna tezi ya machozi. Kuna machozi ya kulainisha jicho, hayo yapo saa zote. Kuna ya kitunguu, mvuke ukichoma jicho basi tezi inamwaga maji yaoshe, na hayo hata paka anayo. Ya tatu ndio haya yako, ya hisia, na hapa amri haitoki kwa jicho kabisa, inatoka ndani ya ubongo pale panaposhughulika na hisia, inashuka hadi kwenye shina la ubongo, halafu neva ya uso ndio inaipelekea tezi habari kwamba mwaga. Sasa sikiliza vizuri: njia ni hiyo hiyo moja, uwe umefiwa, umefurahi, umeogopa au umekasirika. Tezi haiulizi.

Na kuna jambo jingine nadhani ndilo lililokupata wewe. Watu waliochunguza kilio kwa miaka mingi, kama Ad Vingerhoets wa chuo cha Tilburg huko Uholanzi, wanasema kilio kinaenda sana na ile hali ya kuona huna la kufanya. Angekuwa ni ndugu yako nyumbani amekusingizia ungemjibu palepale, mkagombana yakaisha. Lakini huyo ni bosi, anashika mshahara wako, wateja wanatazama, hasira imejaa na mdomo umefungwa, basi ikapita machoni. Hiyo ni hasira iliyokosa njia, usiiite udhaifu.

Lile donge nalo lina sababu yake. Mwili ukipandwa na hisia unataka hewa nyingi, kwa hivyo koo linajiachia wazi, na wewe wakati huohuo unajaribu kumeza mate ambayo yanataka koo lifunge, misuli inavutana hapo ndio unahisi kama umekwama na jiwe. Na kamasi je? Vuta kope la chini mbele ya kioo, karibu na pua utaona kitundu kidogo sana, machozi yanapita hapo yanashukia puani, yakizidi kitundu ndio yanamwagika mashavuni kama mfereji wa bati uliozidiwa na mvua ya masika.

Sasa turudi dukani. Mwaka 2009 Robert Provine na wenzake huko Marekani walichukua picha za watu wanaolia wakafuta machozi kwa kompyuta, na waliotazama picha zisizo na machozi wakaona huzuni imepungua sana, wengine hata hawakuelewa yule mtu anahisi nini. Yaani machozi yanamwambia anayekutazama jambo moja tu, huzuni. Wewe una hasira, wao wanaona mnyonge anaomba huruma. Kwa hivyo usipigane na machozi, kadiri unavyoyabana ndivyo unavyozidi kufikiria kilio, wewe yape maneno. Sema hata kama sauti inatetemeka, "Bosi, nalia kwa sababu nimekasirika, hesabu yako hii hapa," kisha ziweke risiti juu ya meza moja moja, mikono haihitaji sauti. Ukiweza kunywa maji kabla ya kusema, kunywa, donge linalegea, na vuta pumzi uitoe polepole. Na kesho yake, ukiwa umetulia, rudi umwombe mzungumze faragha, hilo la kukusingizia mbele za watu lisipite hivihivi. Mie limenikera kweli.

Ila ukianza kulia kila siku bila sababu, usingizi hakuna, chakula hakipiti, hapo nenda ukaonane na daktari, usingoje.

Bi Shangazi, mimi mwanamume wa miaka 52, Kisauni. Nilipomuozesha binti yangu, kadhi alipomaliza tu nikalia mbele ya watu, na nilikuwa na furaha. Tangu siku hiyo maskani nachekwa. Ni kawaida?
– Baba Harusi

Kawaida kabisa kakangu. Mwaka 2015 Oriana Aragón na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walitoa utafiti kuhusu jambo hili, wakasema inaonekana mtu akizidiwa na furaha, lile chozi linamsaidia kurudi sawa. Ya kuambiwa mwanamume halii, watoto wa kike na wa kiume wakiwa wadogo wanalia sawasawa, tofauti inakuja wakibalehe, homoni zinachangia na malezi pia. Isitoshe furaha ya siku ile ilikuwa na majonzi ndani yake, mtoto anatoka nyumbani, chumba kinabaki kitupu. Wa maskani wenye mabinti wataelewa siku yao ikifika. Hongera kwa harusi, Mola awape maharusi kizazi chema.