Kazi mbili, zote wananikata kodi, mbona bado nadaiwa?

SWALI: Habari mhasibu. Nina ajira mbili na zote wananikata kodi kabla mshahara haujaingia. Nimejaza ritani (fomu ya mwaka ya kutangaza mapato na kodi), mfumo unasema bado nadaiwa. Jamaa mmoja anayejazia watu kasema nitoe kazi ya pili kwenye fomu deni litaisha. Wenzangu nao wanasema bora niiache kabisa hiyo kazi, eti imenipandisha daraja la kodi, lenye asilimia kubwa zaidi, mshahara wote unaliwa na kodi. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, usitoe kitu kwenye hiyo fomu. Mwajiri wa pili ameshapeleka makato kwa jina lako na namba yako ya mlipa kodi, wewe ukinyamaza taarifa zinalinganishwa na pengo linaonekana. Huyo jamaa ama anajua hilo ama hajui, na sijui kipi kibaya zaidi.

Deni limetokana na hivi: kila mwajiri anakukata kama vile yuko peke yake. Wote wameanzia daraja la chini na wote wamekupa nafuu ya kodi, yaani kiasi kinachopunguzwa kwenye kodi yako, wakati nafuu yako ni moja. Chukua namba za kubuni, 1,000 ya kwanza inakatwa asilimia 10, inayozidi hapo asilimia 30, nafuu 50, na kila kazi inalipa 1,000. Kila mwajiri anapiga 100, anatoa nafuu, anapeleka 50, jumla 100. Ritani inakuja kuunganisha 2,000 yote: 100 ya daraja la kwanza, 300 ya la pili, toa nafuu mara moja tu, kodi ni 350. Imeshalipwa 100, unadaiwa 250. Hakuna aliyekuibia. Mwambie mwajiri mmoja akukate zaidi kuanzia sasa kama sheria ya kwenu inaruhusu, na kama hela ya kulipa kwa mkupuo huna, waombe mamlaka wakupangie awamu mapema kabla riba haijaanza kupanda.

Sasa hili la "daraja limepanda, mshahara wote unaliwa" jamani nimelichoka. Nimeona watu wanakataa ovataimu, wanakataa hadi cheo! Ile asilimia 30 inagusa kilichozidi mstari tu, cha chini kinabaki na asilimia yake ile ile. Rudi kwenye mfano: kazi moja ungelipa 50 ukabaki na 950, kazi mbili unalipa 350 unabaki na 1,650. Hiyo ni 700 zaidi mkononi, unaiacha ili iweje? (Kuna misaada na nafuu fulani zinazokatika kipato kikivuka kikomo, hilo lipo, ila linaangaliwa kivyake.)

Na hao wajazaji wa "nikupatie marejesho makubwa"... marejesho kwa kawaida ni hela yako mwenyewe uliyokatwa kupita kiasi, kama hukuzidishiwa yatatoka wapi? Yanatoka kwenye watoto usiowazaa na gharama za biashara usiyokuwa nayo, anaandika, anachukua asilimia yake, anabadilisha laini. Ukaguzi ukija jina kwenye ritani ni lako, faini yako, yeye hayupo popote. Marekani sheria inamtaka anayelipwa kujaza aisaini ritani na aweke namba yake ya utambulisho, akikwepa hapo ujue anajificha. Popote ulipo muulize tu, utasaini pamoja na mimi? Angalia uso wake.

Kama ulishampa neno la siri, ingia mwenyewe leo uone namba ya simu na barua pepe zilizosajiliwa kwenye akaunti, maana wengi wanaweka zao ili barua za mamlaka zisikufikie. Ukikuta si zako, badilisha hizo kwanza. Halafu omba nakala za ritani zote alizokujazia, na penye uongo peleka ritani ya marekebisho kabla hujaitwa.