McBride mapema au umsubiri Andrews? Angalia kwanza ligi yako inalipaje

Mkuu uliyeuliza kama umchukue Trey McBride wa Arizona Cardinals mapema kwenye drafti ya Jumamosi ya fantasi ya NFL (mpira wa Kimarekani, mnachagua wachezaji halisi kwa zamu na mnapata pointi kwa wanachofanya uwanjani) au umwache apite uje umchukue Mark Andrews wa Baltimore Ravens raundi za mbele huko, wote ni taiti endi, wale wa kudaka pasi na kuzuia, mimi msimu wa 2024 nilikuwa nao wote wawili, ila ligi tofauti. McBride nilikuwa naye kwenye ligi ya washkaji wa nyumbani tulioko huku Marekani, ile ni PPR kamili, yani kila mpira mtu akidaka anapewa pointi 1 hata akiangushwa palepale. Andrews alikuwa kwenye timu yangu ya ligi ya kazini hapa Ohio, hawa jamaa ni wa kizamani, kudaka hakulipwi kitu, wanahesabu yadi na tachidauni (kufikisha mpira eneo la goli la wapinzani) basi. Na wote walinifaa.

Cheki namba zao za 2024. McBride alidaka mipira 111, yadi 1,146, tachidauni za kudaka 2 tu. Andrews mipira 55, yadi 673, tachidauni 11. Sasa yadi 10 ni pointi 1 na tachidauni ni 6, kwahiyo kwa kudaka tu, kwenye ligi kama ya kazini kwetu Andrews anatoka na 133.3 na McBride 126.6. Hamia PPR kamili, McBride anapaa mpaka 237.6 na Andrews anabaki 188.3, hiyo ni karibu pointi 3 kila wiki na kuna watu wanatolewa kwa pointi moja na nusu. PPR ya nusu, yani nusu pointi kwa kila kudaka, bado McBride yuko mbele, 182.1 kwa 160.8, ila hapo sio pengo la kukufanya umuache raningi beki (mkimbiza mpira) mzuri.

Kumiliki McBride msimu ule kulihitaji moyo lakini. Wiki baada ya wiki anadaka saba, nane, timu inafika yadi 3 za mwisho unakaa vizuri kwenye kochi, halafu mpira anapewa raningi beki James Conner au kwotabeki, yule mrusha pasi, Kyler Murray anaingia nao mwenyewe. Tachidauni yake ya kwanza ya kudaka ilikuja wiki ya 17 na Rams, ambayo kwenye ligi nyingi ndo fainali, siku hiyo alidaka 12. Mwisho wa mechi ileile pasi ya Murray ikamgonga kwenye helmeti, Rams wakaudaka wao, Cardinals wakalala 13 kwa 9. Washabiki wa Arizona walilia, sisi wa fantasi tulikuwa tushavuna zetu, ndo ubaya wa huu mchezo.

Andrews kinachonitia wasiwasi ni hizo 11. Mtu anadaka 55 halafu kila wa tano ni tachidauni, hiyo haiji kila mwaka, na ilikuja msimu ambao kwotabeki wa Baltimore Lamar Jackson alirusha tachidauni 41. Zikishuka hata kufika 6 anakuwa taiti endi wa kawaida tu, maana 2024 mipira Baltimore iligawanywa, taiti endi mwenzake Isaiah Likely naye alikula humo humo na karibu na goli kulikuwa na raningi beki Derrick Henry. McBride yeye hata asipofunga anakupa kitu wiki ile, 2024 alitafutwa sana na kwotabeki wake, na hilo la kutafutwa huwa halibadiliki haraka kama tachidauni.

Kwahiyo mimi ningekuwa wewe, PPR kamili namchukua McBride bila kujiuliza, kwenye ligi ya bila PPR nasubiri Andrews na ile pick ya mapema naiweka kwa mtu wa kukimbia. Ya nusu ndo inategemea nani kabaki mezani zamu yako ikifika.

Ingia kwenye settings za ligi, tafuta pale wanapoandika pointi kwa kila kudaka, ni 0, nusu au 1, kisha rudi utuambie na ligi ina timu ngapi. Zikiwa 8 hata usihangaike na McBride, taiti endi wa maana watakuwa wamejaa mpaka raundi za mwisho.